Steshenari ya nyuma ya soko la Majengo walipotujazia Selform ya dogo, nawapa nyota nne

Jamani wazazi na walezi wenzangu wa Dodoma, naandika hii bado nina furaha ila na hasira kidogo imebaki, mana ndani ya wiki moja nimelipia huduma ileile mara mbili kwenye steshenari mbili tofauti hapahapa mjini na nilichokiona ni mbingu na ardhi. Huduma yenyewe ni ile ya kumbadilishia mtoto machaguo kwenye mfumo wa Selform wa TAMISEMI baada ya matokeo ya kidato cha nne. Wengi tunaona ni kazi ya kubonyeza tu, unampa kijana namba ya mtihani anaingia anabonyeza unalipa unaondoka. Na mimi nilikuwa naona hivohivo.

Mi ni fundi cherehani, nipo Majengo, naishi Chang'ombe na mdogo wangu wa mwisho ambaye nimemsomesha tangu fomu wani, wazazi wapo Kongwa. Dogo kamaliza fomu foo kwenye shule ya kata na matokeo yalipotoka ana divisheni tuu (daraja la pili) ya pointi 18. Baiolojia B, Jiografia B, Kiswahili B, halafu Fizikia, Kemia, Kiingereza, Historia na Uraia zote C, Hesabu D. Siku ile nililia machozi ya furaha dukani mbele ya wateja, sioni aibu kusema.

Sasa dirisha la kubadilisha tahasusi, yaani kombi, yale masomo matatu ya kusoma fomu faivu na siksi, lilipofunguliwa nikakimbilia steshenari moja ambayo siitaji jina wala mtaa, niliichagua kwa sababu ipo njiani na ilikuwa haina foleni (na hapo ndo nilipaswa kujiuliza kwanini haina foleni, ila haya). Kijana aliyekuwepo hakunyanyua hata uso. Akauliza divisheni ngapi, nikamwambia tuu. Akauliza wa kiume huyu, nikamwambia ndio. Akasema basi tunamuweka PCM (Fizikia, Kemia na Hesabu), wavulana wa sayansi wote wanaenda huko kuna uhandisi. Dogo alikuwa amesimama nyuma yangu ameshika mfuko wa nailoni wenye vyeti vyake, hakuulizwa hata jina. Dakika saba nyingi, elfu tano, paswedi akaiandika kwa peni nyuma ya kipande cha risiti, tukaondoka. Mimi natembea kifua mbele namuona dogo injinia, yeye kanyamaza, nikajua ni uchovu.

Siku tatu baadae kaja mteja wangu mmoja mwalimu wa sekondari kuchukua sketi yake, ile fomu iko mezani chini ya mkasi, akaisoma akaweka pembeni akaniuliza, fundi, huyu mwenye D ya Hesabu ndo mmempeleka PCM? Nikamwambia lakini mfumo umekubali. Akasema mfumo utakubali tu, kigezo ni kwamba masomo matatu ya tahasusi yawe na jumla ya pointi kati ya 3 na 10 na pasiwe na F, sasa C ya Fizikia ni 3, C ya Kemia ni 3, D ya Hesabu ni 4, hizo ni 10 kamili, amepita kwenye mstari. Ila huko ndani anaenda kukutana na Hesabu yenyewe ile kubwa, advansi, miaka miwili. Nikamuita dogo nikamuuliza wewe unasemaje? Akasema dada mi nilijua umeshaamua.

Hilo neno limenikaa mpaka leo.

Mwalimu ndo akanielekeza kwa huyu dada wa nyuma ya soko la Majengo. Ukitokea upande wanapouza mchele na dagaa unaingia kichochoro cha mafundi viatu, kuna mlango wa chuma wa kijani, bango halina jina limeandikwa tu STESHENARI KOPI PICHA ZA PASIPOTI, na rangi yenyewe imeshaliwa na jua. Chumba kidogo, kompyuta mbili, printa moja, feni inayolia. Ukutani kabandika karatasi ya tahasusi zote 65, zile za zamani 16 kapiga mstari kwa kalamu nyekundu na zile 49 zilizoongezwa mwaka 2024 kaziacha bila mstari. Tulikuta watu sita mbele yetu na benchi ni moja, kwahiyo wengine tulisimama nje kwenye vumbi, na mnalijua vumbi la Dodoma upepo ukianza.

Ila kule kusimama kumenisaidia kuona kazi yake. Mbele yetu kulikuwa na mama mmoja na binti yake, binti ana divisheni foo ya 28, mama anaongea kwa sauti ya chini kama yupo msibani. Yule dada akamwambia mama karibu ukae, hakuna aibu hapa, nipe matokeo nisome. Akasoma somo moja moja kwa sauti na kidole chake kinashuka kwenye karatasi. Binti anataka uganga, yaani ile kozi ya clinical medicine ya vyuo vya kati. Akamwambia mdogo wangu, kozi ile wanataka D nne zisizo za dini na kwenye hizo lazima iwemo Kemia, Baiolojia na Fizikia, wewe Kemia unayo, Baiolojia unayo, Fizikia una F. Binti akainamisha kichwa. Dada akaendelea, lakini famasi wanaangalia Kemia na Baiolojia, na hizo mbili unazo na D zako zinafika nne, hapo mlango upo. Au kama moyo wako uko kwenye uganga kweli, unaweza kurudia Fizikia kama mtahiniwa wa kujitegemea halafu ukaomba mwakani. Akawapa siku mbili wakafikirie, akawaambia chuo chochote mtakachoambiwa na mtu barabarani kwanza muangalie kama kina usajili wa NACTVET, lile baraza linalosimamia vyuo vya kati, ndo mlipe. Hakuwatoza hata mia. Yule mama alitoka anatembea tofauti na alivyoingia.

Zamu yetu ikafika. Nikataka kuanza kueleza, akanizuia kwa mkono taratibu, akasema samahani dada angu, naomba nimsikilize yeye kwanza. Akamgeuzia dogo kiti. Akamuuliza shuleni unapenda nini, dogo akajibu kama wanavyojibu wote, napenda sayansi. Akamuuliza ukiwa nyumbani je, likizo unafanya nini? Dogo akaniangalia mimi kwanza, halafu akaanza kusimulia kitu ambacho mimi dada yake nilikuwa sikijui.

Kumbe likizo ya Desemba kule Kongwa kulikuwa na mbuzi wa baba alishindwa kuzaa usiku, mtoto kakaa vibaya mguu mmoja umerudi nyuma, bwana mifugo yuko mbali hana usafiri, dogo akampigia simu akaweka spika akamuelekeza, akanawa mikono na sabuni mpaka kwenye viwiko akaingiza mkono akautafuta ule mguu akauleta mbele. Anaeleza huku mikono yake inaonyesha hewani, hivi, halafu hivi. Mtoto akatoka mzima na mama akapona. Yule dada alikuwa ameshatoa mkono kwenye kibodi kitambo, watu wa foleni wameingiza vichwa mlangoni wanasikiliza. Akamuuliza na yule mbuzi mdogo yupo? Dogo akacheka, yupo, jike.

Mimi nilikuwa namtaka dogo awe daktari wa watu, hilo lipo moyoni mwangu tangu mama alipolazwa. Nikalisema palepale, nikamwambia dada lakini si bora akatibu watu? Hakubishana na mimi. Akachukua kauntabuku lake akachora mistari akaanza kutuelekeza sote wawili, na hapa ntaeleza vizuri mana ndo kitu ambacho wazazi wengi hatuambiwi.

Alisema kuna kuvuka na kuna kufika. Kuvuka kwenda kidato cha tano unahitaji krediti tatu, yaani A, B au C kwenye masomo matatu yasiyo ya dini, na jumla ya pointi zako zisizidi 25, halafu kombi yako iwe kwenye zile 3 mpaka 10. Dogo kwa hapo kavuka vizuri. Ila kufika ni kule chuo kikuu, na kule wanahesabu kwa namna nyingine kabisa. Fomu foo pointi ndogo ndo nzuri, chuo kikuu pointi kubwa ndo nzuri, A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1, na kwa kawaida wanataka angalau prinsipo mbili, yaani masomo mawili uliyofaulu kwa A mpaka E fomu siksi, zenye jumla ya pointi 4 kwenye masomo ambayo kozi yenyewe inayataka. Hayo maneno ya mwisho akayapigia mstari mara mbili. Mana unaweza kuwa na pointi zako nzuri kabisa lakini somo sio lenyewe. Mtoto wa PCM hata apate A tatu haendi udaktari wa watu kwa sababu hana Baiolojia. Mtoto wa PCB (Fizikia, Kemia, Baiolojia) haendi uhandisi wa ujenzi kwa sababu hana Hesabu ya advansi. Mtoto wa CBG (Kemia, Baiolojia, Jiografia) akija kugundua fomu siksi kwamba alitaka udaktari wa watu anakuta hana Fizikia, na wa HKL (Historia, Kiswahili, Kiingereza) mwenye ndoto ya uchumi na takwimu atatamani angekuwa EGM (Uchumi, Jiografia, Hesabu). Kila kombi inafungua milango na inafunga mingine, na mtoto ana miaka kumi na saba ndo anaambiwa achague!

Halafu akaandika hesabu ya dogo. PCM 10. PCB 8. CBG 7. Akamuuliza hiyo C ya Fizikia umeipataje, umeikimbilia au imekukuta? Dogo akasema nimeisoma, nilikuwa nasoma na wenzangu usiku, prakto naipenda. Akasema basi mimi maoni yangu ni PCB iwe ya kwanza, kwa sababu mambo ya mifugo mpaka kule SUA, chuo kikuu cha kilimo Morogoro, nguzo zake ni Kemia na Baiolojia na zote mbili zipo, na ukibadilisha mawazo ukiwa fomu siksi ukataka watu badala ya mbuzi, mlango wa dada yako nao haujafungwa. CBG iwe inayofuata. Na kwenye upande wa vyuo weka chuo cha mifugo, LITA wana kampasi Mpwapwa, hapo ni karibu na kwenu, unasoma stashahada unatoka una kazi ya mikono na bado unaweza kujiendeleza.

Nilikaa kimya. Kwahiyo mtoto anaweza kuwa na mlango wangu na mlango wake kwenye kombi moja na mimi elfu tano yangu niliilipia kumfungia yote miwili.

Hata hivo hakujaza hapohapo. Akasema mimi sio mwalimu wake, mpigie mwalimu wako wa Baiolojia au wa taaluma umsomee hii karatasi, akikubali tunajaza. Dogo akatoka nje akapiga, akarudi anacheka, mwalimu kasema hiyo PCM nani kakuwekea. Ndo tukaanza kazi.

Paswedi sasa. Tumeingiza ile ya kwenye risiti ikakataa, mara ya pili ikakataa, mimi jasho linanitoka. Dada akaichukua ile risiti akaisogeza kwenye mwanga wa mlango akaangalia mwandiko, akasema huyu sifuri zake hazina mstari na O zake ni kubwa hivihivi, tujaribu sifuri. Ikafunguka. Akambadilishia paswedi mpya, akamwambia dogo aandike mwenyewe kwa mkono wake kwenye daftari lake na aipige picha kwenye simu yangu, yeye mwenyewe akageuka akatazama pembeni wakati dogo anaiandika. Kitu kidogo lakini nimekiheshimu, kuna watu wanabaki na paswedi za watoto wa watu kwenye madaftari yao, kesho na keshokutwa mtoto anakuta machaguo yamebadilika hajui nani kabadilisha.

Kingine alichofanya, kwenye kila chaguo kabla ya kuhifadhi alikuwa anamsomea dogo shule na kombi kwa sauti halafu anasubiri dogo aseme sawa. Kuhusu zile tahasusi mpya alitueleza kwa ufupi tu kwamba zipo za lugha, za biashara, za michezo, za sanaa, mpaka za dini, ila usichague kwa kupenda herufi, angalia kwanza shule zinazoifundisha ni zipi na chuo gani mbele kinaitaka. Sisi hazikutuhusu sana tukapita.

Bei elfu tatu, na kuprinti nakala mbili mia nne. Saa nzima na robo. Ninavyojua mimi kazi ya mikono, sketi unayoikata bila kumpima mtu utaishona haraka sana, na itarudi.

Sasa kwanini nyota nne na sio tano. Kwanza foleni, hana namba wala daftari la kujiandikisha, kuna mtu aliingia mbele yetu akasema anaprinti ukurasa mmoja akakaa dakika ishirini. Pili hana viti, wazazi wazee wanasimama juani, bibi mmoja aliyetoka Bahi alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Tatu umeme ulikatika na hana betri ya akiba, tulikuwa katikati ya chaguo la tatu ikabidi tuanze upya, na netiweki mchana inakuwa nzito sana. Nne printa yake wino umefifia upande wa kulia, namba ya mtihani ya dogo ilitoka hafifu mpaka nikamuomba arudie, akarudia bure lakini ilikuwa bado haijakolea. Na tano yuko peke yake, simu zinaingia anapokea, kuna wakati alikuwa anamsikiliza dogo huku anamjibu mteja wa picha za pasipoti. Nilimwambia haya yote usoni kwa upendo, akasema viti anavitafutia hela.

Ile steshenari ya kwanza nilirudi. Sikwenda kugombana, nilienda kumwambia yule kijana kwamba yule mtoto ana D ya Hesabu na karatasi ilikuwa mbele yako. Akaniambia mama mi nafanya ninachoambiwa. Nikamuuliza nani alikuambia PCM? Akasema wateja wengi. Nimeondoka. Siwezi kumchukia, inawezekana na yeye alijaziwa hivohivo. Ila watoto wanaopita pale kwa siku ni wengi na hakuna mzazi anayejua, na serikali ilishafuta ada ya kidato cha tano na sita tangu 2022 lakini ile miaka miwili mtoto anailipa yeye mwenyewe kwa umri wake.

Nimeulizwa na majirani tayari, kwahiyo mkienda kwa dada wa mlango wa kijani nendeni na mtoto mwenyewe, msiende na matokeo peke yake. Beba namba ya mtihani, paswedi kama ipo, daftari na kalamu, na mtoto awe na namba ya simu ya mwalimu wake mmoja anayemfahamu vizuri. Kama mtoto bado yuko chini pia anapokelewa, nimemuona baba mmoja kaja na mtoto wa fomu tuu kuulizia masomo ya kuendelea nayo fomu thrii, dada akamwambia usimuache akaitupa Kemia kwa sababu ya mwalimu mmoja mkali, mana ukiitupa fomu thrii huna pa kuiokota.

Anafungua saa mbili asubuhi, Jumapili anafungua baada ya ibada. Fika kabla ya saa nne netiweki ikiwa bado nyepesi, na ukiweza beba kiti cha plastiki. Mimi Jumamosi nampelekea viwili kutoka dukani kwangu, na yule bibi wa Bahi akirudi kuchukua fomu ya mjukuu wake akute pa kukaa. Dogo yuko Kongwa sasahivi anasubiri selekisheni, jana kanitumia picha ya yule mbuzi jike, kakua, ana mabaka meupe kwenye masikio.